Kumzuia Mtu "Kutoka" Kuingia: Vitenzi vya Kukana vya Kiingereza Katika Sentensi za Kiswahili

Mjadala kuhusu athari za Kiingereza kwa Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la msamiati. Tumebishana kuhusu tarakilishi na kompyuta, kuhusu rununu na simu ya mkononi, na wapo miongoni mwetu ambao hadi leo hawajachoka kubishana. Kwa maoni yangu, mjadala huo umetupumbaza kidogo. Neno geni hujitokeza waziwazi. Msomaji hulitambua, akaamua kulipokea au kulitupilia mbali. Muundo mgeni haujitokezi. Huvalia maneno ya Kiswahili safi, ukaketi katikati ya sentensi, na ukavuruga maana bila mtu yeyote kupiga mbiu. Makala haya yanashughulikia muundo mmoja wa aina hiyo, yaani namna vitenzi vya Kiingereza vyenye maana ya kukana vinavyofungamana na vihusishi na nomino, na namna tunavyovihamishia vihusishi hivyo katika Kiswahili ilhali vitenzi vyetu havivihitaji.

Hebu tuitazame sentensi hii: "Polisi waliwazuia mashabiki kutoka kuingia uwanjani." Sentensi za sura hii huandikwa magazetini, husomwa redioni, na nimezikuta mara nyingi katika insha za wanafunzi nilizopata kuzisahihisha. Chimbuko lake si fumbo. Kiingereza husema 'prevented the fans from entering', na mwandishi, akiisha kupata kitenzi zuia, huona hana budi kuitafutia 'from' makao. Lakini kutoka katika Kiswahili, kabla ya kuwa kihusishi, ni kitenzi. "Polisi waliwazuia mashabiki kutoka" ni sentensi kamili na sanifu, na maana yake ni kwamba mashabiki walikuwa ndani na hawakuruhusiwa kwenda nje. Msikilizaji wa redio akifika hapo huwa ameshaijenga picha ya watu waliofungiwa ndani ya uwanja. Ghafla anaambiwa kuingia. Hana budi kurudi nyuma, aibomoe picha hiyo na kuijenga upya, na kufikia wakati huo msomaji wa habari ameshahamia habari nyingine. Ilitosha kumwambia: "Polisi waliwazuia mashabiki wasiingie uwanjani", au kwa ufupi zaidi, "waliwazuia kuingia uwanjani".

Ili kuelewa kosa hili ni sharti tukisome Kiingereza chenyewe, jambo ambalo baadhi yetu katika idara za Kiswahili tunalikwepa kana kwamba ni usaliti. Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi ambavyo havina alama ya ukanushi kwa nje, lakini vimeubeba ukanushi tumboni: 'deny', 'refuse', 'forbid', 'prevent', 'deprive', 'fail', 'lack', 'avoid', 'doubt'. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alivigusia katika kitabu chake cha mwaka 1917 kuhusu ukanushi katika Kiingereza na lugha nyinginezo. Naye Edward Klima, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1964, alionyesha kuwa kitenzi kama 'doubt' huweza kuandamana na maneno kama vile 'any' na 'ever', ambayo kwa kawaida hungojea 'not' iyatangulie. Ukanushi umo ndani ya kitenzi na hufanya kazi yake ukiwa humo humo. Kiswahili nacho si kigeni kwa jambo hili. Tunasema "Alikana kuchukua chochote", na hicho "chochote" kinapata nguvu yake kutokana na kukana.

Hadi hapo lugha hizi mbili zinakwenda sambamba. Zinatengana pale kitenzi kinapotafuta mwandani wake.

Katika Kiingereza, kila kitenzi cha kundi hili kimejichagulia kihusishi chake, na uchaguzi huo hauongozwi na maana. 'Forbid' na 'prohibit' vinakaribiana mno kimaana, lakini cha kwanza hufuatwa na 'to' na cha pili hufuatwa na 'from'. 'Refrain' hudai 'from' ilhali 'avoid' hakitaki kihusishi chochote. Kitenzi 'keep' ndicho kituko: ukisema 'keep him going' umemsaidia aendelee, ukisema 'keep him from going' umemzuia. Herufi nne zimegeuza hisani kuwa kizuizi. Halafu kuna kundi la 'of': 'deprive', 'rob', 'strip', 'rid', 'acquit'. Mwanafunzi wa Kiswahili akiiona 'of' huikimbilia -a unganifu, akidhani kwamba panazungumziwa umilikaji. La hasha! Katika Kiingereza cha kale, 'of' na 'off' zilikuwa neno moja, na katika vitenzi hivi maana yake ya awali ni kuondoa au kutenga. 'Of' hiyo haina uhusiano wowote na ile ya "kitabu cha Juma".

Kitenzi kikigeuka kuwa nomino, kihusishi nacho huweza kubadilika. Mchezaji huwa 'banned from' mashindano, lakini marufuku yenyewe ni 'ban on' jambo fulani. 'Lack' kama kitenzi hushika kitu moja kwa moja. Kama nomino hudai 'of'. 'Deny' vivyo hivyo. Nomino 'refusal' hudai 'to' na kitenzi, nomino 'objection' hudai 'to' na nomino, na 'immunity' hukubali 'to' kwa ugonjwa na 'from' kwa mashtaka. Wazungumzaji wenyewe hawakuipata elimu hii kwa kanuni. Waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Sisi tuliojifunza darasani tulikariri jozi baada ya jozi, na pengine ndiyo sababu vihusishi hivi vimetuganda vichwani hata tunapoandika lugha nyingine.

Kiswahili kimeupanga mzigo huu kwa njia tofauti. Kwanza kabisa, vitenzi vyetu vya kunyima hubeba shamirisho mbili bila kihusishi chochote: kumnyima mtu haki, kumpokonya mtu shamba, kumnyang'anya mtoto kisu, kumpora msafiri mkoba, kumvua mtu cheo. Kitondo kimo ndani ya kitenzi, kipozi kinafuata, basi. Pale ambapo kitenzi hakina nafasi ya kitondo, kauli ya kutendea huifungua nafasi hiyo: unaiba simu, lakini unamwibia mtu simu. Kazi ambayo Kiingereza kimeipa 'of' na 'from' sisi tumeipa mnyambuliko. Hata katika kauli ya kutendwa kipozi hubaki mahali pake: aliibiwa simu, alinyimwa dhamana, alivuliwa cheo. Hapa ndipo penye chanzo cha makosa ya upande wa pili, yaani makosa tunayoyafanya tukiandika Kiingereza. Mkenya anayesema 'they robbed my phone' anafikiri kwa muundo wa "walinipora simu", na anayesema 'my father refused me to go' anamfasiri baba yake aliyemkataza kwenda. Walimu wa Kiingereza huyacheka makosa hayo, nasi tunayaona. Makosa ya "kuzuia kutoka" hakuna anayeyacheka.

Njia ya pili ni kihusishi na. Nalisema hili kwa makusudi ili nisieleweke vibaya, kwa maana sidai kwamba Kiswahili hakina vihusishi katika uwanja huu. Kinavyo. Tunamwomba Mungu atuepushe na shari. Tunajikinga na baridi, tunajizuia na hasira, tunaachana na pombe, tunaepukana na marafiki wabaya. Ni ajabu iliyoje kwamba kiungo kilekile kinachounganisha vitu viwili ndicho kinachotumika kuvitenganisha! Ila ukitafakari utaona hakuna ajabu, kwa sababu kutengana, sawa na kukutana, kunahitaji wawili. Basi mwandishi anayeandika "jikinge kutoka kwa malaria" amekiacha kihusishi kilichokuwa mlangoni pake na kwenda kukopa cha jirani.

Nomino zetu nazo zina tabia inayostahili kutajwa. Wahenga walisema mkataa pema pabaya panamwita, na wakasema mwacha asili ni mtumwa. Itazame nomino mkataa: imezaliwa na kitenzi, imevaa kiambishi cha ngeli ya A-WA, lakini bado inashika shamirisho yake kama kitenzi. Si "mkataa wa pema". Jaribu kuieleza methali hiyo kwa nomino ya Kiingereza na hutaweza kuikwepa 'of'. Tunayo pia njia ya kitenzi-jina chenye -to-, kiambishi ambacho huhusishwa na kitenzi toa: kutolipa, kutofika, kutojali. Kwa hiyo mtu anayeandika "kushindwa kwa mpangaji kulipa kodi" angeweza kuandika "mpangaji kutolipa kodi" na kuwaondolea wasomaji wake maneno mawili na utata mmoja.

Utata huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya, na ningependa kukaa juu yake kwa muda.

Kitenzi 'fail' cha Kiingereza kinapofuatwa na 'to' kina maana mbili. Huweza kuwa mtu alijaribu akalemewa. Huweza pia kuwa hakufanya tu, pengine kwa uzembe, pengine kwa kiburi. Kiswahili hakikuzichanganya maana hizi. Kushindwa ni kauli ya kutendwa ya kushinda. Aliyeshindwa amepambana na jambo likamzidi nguvu. Kukosa kufanya ni jambo kutofanyika, bila kusema sababu. Kukataa ni hiari. Sasa tafsiri iliyozoeleka ya 'fail to' ni "kushindwa ku-", na imezoeleka kiasi kwamba tunaandika kuwa dereva "alishindwa kusimama" mahali ambapo hakuna breki iliyomharibikia wala mteremko uliomsukuma. Hakusimama tu. Tukiandika vivyo hivyo kuhusu viongozi wanaokosa kutimiza ahadi zao, tunawapa udhuru ambao wenyewe hawakuuomba: "wameshindwa", masikini, walijaribu.

Katika gazeti hilo ni dosari ya mtindo. Mahakamani ni jambo zito zaidi. Hati nyingi za mashtaka nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa asiyekijua husomewa kwa Kiswahili au lugha nyingine. Katika uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu kwamba shtaka pamoja na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na jibu lake linakiliwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa. Haya ni mema. Lakini chukulia kwamba kosa lililoandikwa ni dereva kutoripoti ajali, na karani anamwambia mshtakiwa: "Unashtakiwa kwamba ulishindwa kuripoti ajali. Ni kweli au si kweli?" Mtu aliyekuwa amezirai kando ya barabara atajibu, kwa ukweli wote wa moyo wake, kwamba ni kweli alishindwa. Kwa Kiswahili amejitetea. Kwa Kiingereza cha faili amekiri.

Kuna mtego mwingine ulio mkali kuliko huo, nao unahusu mahali ukanushi unapokaa. Kiingereza cha leo, kikiisha kuutia ukanushi katika kitenzi kikuu, hukiacha kishazi kinachofuata kikiwa yakinishi: 'He denied that he stole'. Kiswahili, baada ya kitenzi cha kukataza au kuzuia, hupenda kuurudia ukanushi katika kishazi tegemezi: nilimkataza asiende, walimzuia asiseme, jihadhari usianguke. Kimantiki ungedhani hizo hasi mbili zitauana, lakini haziuani. Ya pili inaakisi ya kwanza na kuitia nguvu. Wala tusiaibike kwa hilo. Kiingereza cha enzi za Shakespeare kiliweza kufanya vivyo hivyo baada ya 'deny', na Kifaransa cha kimaandishi hadi leo huweka 'ne' isiyo na ukanushi baada ya vitenzi vya kuzuia na kuogopa. Jespersen aliushughulikia mtindo huu kwa kina. Kwa ufupi, sisi tumebaki na kitu ambacho Kiingereza kilikuwa nacho kikakiacha.

Tatizo huzuka mtindo huu unapovuka kutoka kataza hadi kana na kataa. Sentensi "Alikataa kwamba hakuiba" ina maana gani? Anayeisoma kwa mantiki atasema mtu huyo amekiri wizi, kwa kuwa amekataa kutokuiba. Anayeisikia kwa sikio lililozoea "alimkataza asiende" atasema mtu huyo amekana wizi, na hiyo "hakuiba" ni mwangwi wa kukana kwake. Nimeijaribu sentensi hii kwa wenzangu bwenini na hatukuafikiana. Mmoja alibadilisha jibu mara mbili kabla chai haijapoa. Ikiwa wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili hawaafikiani, sidhani kwamba shahidi na karani wataafikiana. Suluhisho kwa mwenye kuandika ni jepesi: "Alikana kuiba", au "Alisema hakuiba", na kitenzi kataa kiachiwe kazi yake ya kutokubali. Kukana ni kusema halinihusu. Kukanusha ni kusema si kweli. Kukataa ni kusema sitaki. Tumeyaachia maneno haya matatu yalale kitanda kimoja kwa sababu 'deny' na 'refuse' zimetukoroga.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa maana nimeshalisikia katika semina. Lugha hukopa, na miundo nayo hukopwa. Je, Kiswahili hakikukopa dhidi na marufuku kutoka Kiarabu? Kilikopa, na vizuri. Sina ugomvi na ukopaji. Ukiandika "kampeni dhidi ya ufisadi" hakuna msomaji anayeteleza, kwa kuwa dhidi haikuwa na kazi nyingine ambayo ingechanganywa na hii. Kutoka kina kazi nyingine, ya kila siku, na kazi hiyo inagongana na hii mpya papo hapo. Pengine baada ya miaka hamsini watumizi watakuwa wameizoea "kuzuia kutoka" kiasi cha kutoisikia tena. Basi wajukuu wetu wataisanifisha, na mimi sitakuwapo kubisha. Kwa sasa bado inawakwaza wasikilizaji, na mwandishi huwaandikia wasikilizaji walio hai.

Hatuna msaada wa kutosha katika vitabu vyetu vya marejeleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2004, hutuonyesha kwamba kitenzi ni elekezi au si elekezi. Hilo ni jema lakini halitoshi, kwa kuwa nyima, zuia na epuka vyote ni elekezi na kila kimoja kina jamaa zake. Kiingereza kilitatua tatizo hili zamani kwa sababu kilifundishwa kwa wageni. A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu Japani, alitoa mwaka 1942 kamusi iliyoainisha vitenzi kwa mifumo ya maneno yanayovifuata, na ndiyo iliyozaa kamusi ya Oxford ya wanafunzi ambayo wengi wetu tuliibeba shuleni. Mwaka 1986 ikatoka kamusi ya Benson, mkewe, na Ilson, ambayo kazi yake mahususi ni kuonyesha neno gani huandamana na neno gani, nomino na vihusishi vyake vikiwemo. Kiswahili kinafundishwa leo Nairobi, Kampala, Kigali, London na Wisconsin, na mwanafunzi wa huko hana mahali pa kuangalia kama ni kujikinga na, kujikinga dhidi ya, au kujikinga kutoka.

Napendekeza chama chetu kiianze kazi hiyo, na kiianze kwa vitenzi vya kukana kwa kuwa ndivyo vinavyotuumiza zaidi. Haihitaji ufadhili. Inahitaji kadi, kalamu, na wanachama walio tayari kusikiliza watu wanavyosema sokoni na kulinganisha na yaliyoandikwa na waandishi wetu mahiri. Kila kadi ionyeshe kama kitenzi kinachukua kitondo na kipozi, kama kinachukua na, kama kinafuatwa na ku- au asi-, na nomino zake hufuatwa na nini. Mimi nimeanza na kumi na viwili: nyima, hini, pokonya, nyang'anya, zuia, kataza, kataa, kana, kanusha, epuka, acha na kosa. Vingi vimekubali kukaa katika kadi moja moja. Kosa kimekaidi. Alikosa chakula, alikosa basi, alikosa kufika. Alikosa, bila shamirisho, akawa mwenye hatia. Alimkosa, akawa hakumkuta au risasi ilipita kando. Alimkosea, na sasa anapaswa kuomba radhi. Hakosi kuja, nawe unajua kwa yakini kwamba kila mara huja. Kadi yake imefika ya tatu na bado sijagusa kosesha.